Muulize Mwalimu: Nani Atashika Nafasi ya Nne?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Texas, na karibu zote zinauliza jambo moja: shule ya mtoto wangu itafika wapi wilayani? Septemba inakatika, mechi za wilaya zimeanza, na wazazi wameanza kupiga hesabu kwenye vikundi vya simu.

Kwa msomaji aliye mbali: futiboli ya Marekani kwa shule za sekondari za umma za Texas inasimamiwa na University Interscholastic League, kwa kifupi UIL. Shule zinapangwa kwa idadi ya wanafunzi, kuanzia 1A zilizo ndogo kabisa hadi 6A, ambako katika mpangilio wa 2024 kulikuwa na shule zenye wanafunzi zaidi ya 2,200. Kila daraja limegawanywa katika wilaya za michezo, yaani makundi madogo ya shule zinazocheza zote kwa zote. Kwa kawaida nne za juu huingia kwenye mchujo. Mpangilio huo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo jirani mliyemzoea msimu huu anaweza kuwa wilaya nyingine msimu ujao.

Mimi mchana nafundisha aljebra, Ijumaa usiku nashika mnyororo wa kupimia yadi 10 pembeni mwa uwanja. Shule yangu siitaji na matokeo yake siyatabiri humu. Nina bosi, naye anasoma.

*

*Shikamoo Mwalimu. Timu yetu ya 6A imeshinda mechi zote 3 za mwanzo: 45-7, 52-10 na 38-0. Wilaya yetu ina timu 8. Kanisani wanasema safari hii tunamaliza bila kupoteza hata moja. Wewe unasemaje? — Baba wa Namba 54, Houston*

Marahaba, Baba. Hongera, ila wa kanisani waambie wapunguze moto kidogo. Hao mliowafunga ni akina nani? Mechi za kabla ya wilaya kila kocha hujitafutia wapinzani. Kuna anayetafuta vibonde ili vijana wapate moyo, na kuna anayekwenda kujipima kwa vigogo akijua kabisa atachezea kichapo. Matokeo ya 45-7 dhidi ya shule ya daraja la chini inayojenga kikosi upya hayaniambii kitu. Kufungwa 24-21 na timu iliyofika raundi ya tatu ya mchujo mwaka jana kunaniambia mengi. Ndiyo maana kwenye daftari langu ushindi wowote unaozidi pointi 24 nauandika 24 tu. Kuanzia hapo kocha kashaingiza watoto wa benchi, na pointi zinazoongezeka ni za kufurahisha jukwaa.

Sasa hilo la kumaliza bila kupoteza. Tuseme kweli mnatisha, kiasi kwamba katika kila mechi mna nafasi 90 kwa 100 za kushinda. Mechi za wilaya ni 7. Chukua 0.9 uizidishe yenyewe kwa yenyewe mara 7: inatoka 0.478. Timu ya kutisha namna hiyo bado nafasi yake ya kumaliza bila doa haifiki nusu! Ikiwa nafasi yenu ni 70 kwa 100 kila wiki, na hiyo bado ni timu nzuri, hesabu inashuka hadi asilimia 8. Zipo shule zilizoishinda hesabu hii kwa miaka. De La Salle ya Concord, California, ilishinda mechi 151 mfululizo kuanzia 1992 hadi 2003, ikaja kusimamishwa 2004 na Bellevue ya jimbo la Washington. Watu wanaizungumzia hadi leo kwa sababu jambo lenyewe halitokei.

Badala ya kusema "tutashinda zote", kaa na ratiba mezani, kila mechi uipe nafasi yake kwa haki, kisha ujumlishe. Mfano: wapinzani wawili ni vibonde, uwape 0.95 kila mmoja. Wawili mnawazidi, 0.75. Wawili mko sawa nao, 0.5. Mmoja ni kigogo, 0.25. Jumla ni 4.65. Utabiri wako basi ni ushindi 4 au 5, na hapo ndipo swali tamu linapoanza: 4 au 5 zinatosha?

Wilaya ya timu 8 ina mechi 28, na kwa kuwa sare hakuna (wakilingana wanaongeza muda mpaka mmoja ashinde), kuna ushindi 28 wa kugawana. Mkipata 6 mko salama bila mjadala: timu tano haziwezi zote kuwa na 6, maana zingehitaji 30. Mkipata 5, kila mtu atakwambia mmepita, na karibu kila mara ni kweli. Lakini hesabu inaruhusu timu tano kumaliza 5-2 (ushindi 5, kufungwa 2): kila moja inawapiga wale watatu wa mkiani, halafu zenyewe kwa zenyewe zinashinda mbili na kupoteza mbili. Mmoja wao anabaki nyumbani na 5-2 yake mkononi. Geuza upande wa pili: vigogo watatu wakiwapiga wote walio chini yao, na wale watano waliobaki wakapigana wao kwa wao kwa mizani, nafasi ya nne inagombewa na timu zenye 2-5. Rekodi ya 2-5, na mmoja wao anaingia mchujo.

Kwa hiyo kabla ya kuitazama timu yenu, itazameni wilaya. Ina vigogo wangapi? Wakiwa watatu waliojitenga, ushindi mchache unatosha kushika nafasi ya nne. Wilaya ikiwa tambarare, hata 4-3 haina uhakika, kwa maana timu saba zinaweza kumaliza 4-3 pamoja na mmoja asiyeshinda hata mechi moja. Bingwa wa wilaya mtu yeyote anaweza kumtaja kwenye foleni ya tiketi. Kazi ya mtabiri ni nafasi ya nne, na mechi ya kuiwekea alama nyekundu ni ile ya timu unayoipa nafasi ya nne dhidi ya ile unayoipa ya tano. Baba, mechi hiyo kwenye ratiba yenu iko wiki gani?

*

*Mwalimu, lile jarida kubwa la futiboli ya Texas linalotoka kila kiangazi limeipa shule jirani nafasi ya kwanza kwa sababu wachezaji 15 wa kikosi cha kwanza wanarudi. Kwetu wanarudi 6. Ndiyo tumekwisha? — Shangazi wa Frisco*

Bado, Shangazi. Jarida hilo limekuwa likichapishwa tangu 1960 na linatabiri wilaya zote za jimbo. Mimi mwenyewe nalinunua na kulichorachora. Ila idadi ya wanaorudi ni mahali pa kuanzia tu. Kikosi cha kwanza ni watu 22, 11 wa kushambulia na 11 wa kuzuia. Ninachotaka kujua ni hao 15 wanacheza wapi. Wakiwa ni wakimbiaji na wadakaji, siogopi sana, maana vijana wenye mbio Texas hawaishi. Akiwa anarudi kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, pamoja na wanne kati ya wale watano wa safu ya mbele wanaomkinga, hapo nalipa jarida haki yake. Safu ya mbele haijengwi kwa kiangazi kimoja. Ni vijana wakubwa wanaopaswa kuzoeana hadi wasogee pamoja bila kusemeshana.

Nikiwa na mti wangu wa mnyororo, jambo hilo naliona kabla ya jukwaa. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Jaribio la tatu, zimebaki yadi 2, robo ya nne, wote wamechoka. Mpira ukianza tu, namwacha mwenye mpira, natazama miguu ya wale watano. Wakiwa wamepiga hatua ya kwanza mbele, fupi na ya chini, kofia zao zikavuka mstari, najua nitang'oa mti kusogea mbele kabla mwamuzi hajanyoosha mkono. Wakisimama wima kwanza, hata mkimbiaji wao akiwa swala, mpira unarudi kwa wapinzani. Nenda mechi mbili tatu ukiangalia hicho tu, utajua zaidi ya ukurasa mzima wa takwimu.

Kuna hazina nyingine watu hawaigusi: mechi za Alhamisi za vikosi vya chini. Darasa la watoto lililokuwa likiwapiga wenzake wa wilaya miaka miwili iliyopita ndilo linalopanda leo kuwa kikosi cha Ijumaa. Jarida haliwezi kuwaonyesha kama "wanaorudi", lakini wanajuana tangu wana miaka 14. Na kwa kuwa unaandika kutoka mji unaokua, uliza pia kama kuna shule mpya imefunguliwa karibu. Shule mpya humega wanafunzi wa shule kongwe, na yenyewe mara nyingi huanza bila darasa la mwisho, watoto wa miaka 15 na 16 wakipambana na vijana wa 18.

Halafu ripoti za shule. Hili nalisema kama mwalimu, na watabiri wengi hulisahau. Texas ina sheria tangu 1984: usipofaulu, huchezi. Alama ya kufaulu ni 70. Wiki sita za kwanza za mwaka wa masomo zikiisha alama hukaguliwa, na siku saba baadaye aliyefeli huondolewa kwenye mechi kwa wiki tatu angalau, ingawa anaruhusiwa kufanya mazoezi. Piga hesabu ya kalenda uone wiki hizo zinaangukia wapi: katikati ya mechi za wilaya! Timu inaweza kupoteza mlinzi wake mzuri bila hata kuteguka kifundo. Carter ya Dallas ilitwaa ubingwa wa jimbo wa 1988 na baadaye ikanyang'anywa, taji likaenda kwa Judson ya Converse, kwa mgogoro wa alama za mchezaji mmoja. Somo lenyewe lilikuwa aljebra. Darasani kwangu kisa hicho nakisimulia kila Agosti.

*

*Mwalimu naomba kuuliza, na kama swali ni la kijinga unisamehe. Tumehamia Fort Worth hivi karibuni. Kijana wangu wa miaka 16 alikuwa mcheza soka, sasa kocha amemfanya mpiga mateke wa timu ya futiboli. Anaingia uwanjani sekunde chache, anapiga, anatoka. Hivi kweli mtu kama huyo anabadilisha chochote? — Mama wa Mpiga Mateke*

Swali lako si la kijinga hata kidogo, Mama. Katika ngazi ya sekondari mpiga mateke anayeaminika ni adimu, na adimu hiyo ina thamani kubwa zaidi katika mechi za katikati ya msimamo ninazozisema. Baada ya kila tachidauni, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli kwa pointi 6, timu hupewa nafasi ya kuongeza 1 kwa teke. Timu isiyo na mpigaji huikosa, au hujaribu kupata 2 kwa kukimbia na kushindwa, na ghafla mechi iliyopaswa kuwa 21-20 inakuwa 18-20. Halafu kuna teke la pointi 3. Timu yenye mpigaji wa kutegemewa umbali wa yadi 35 inarudi na kitu kila inapokwama karibu na goli, wakati mwenzake anarudi mikono mitupu. Nikiwa na timu mbili ninazoziona sawa, moja ina kijana aliyekulia kwenye soka, naiongezea nafasi, toka 50 hadi 55. Kidogo? Ndiyo. Lakini utabiri umejengwa kwa vidogo vidogo.

Jambo la utaratibu, kwa kuwa ni mgeni: kama aliwahi kuchezea shule nyingine, kuna fomu ya UIL ya kueleza alikotoka, na kamati ya wilaya ikiona amehama kwa ajili ya michezo inaweza kumzuia kikosi cha kwanza mwaka mzima. Tena ni lazima awe chini ya miaka 19 ifikapo Septemba 1. Hakikisha tarehe ya kuzaliwa iko sawa kwenye karatasi zote sasa hivi, kabla mpinzani hajauliza.

*

*Timu mbili au tatu zikilingana ushindi, nani anapita? Kila mtu ananipa jibu lake. — Mjomba, Arlington*

Wote wanaweza kuwa sahihi, Mjomba, maana kila wilaya ina kamati yake ya viongozi wa shule zake, na kamati hiyo ndiyo hupanga kanuni kabla ya msimu. Wakiwa wawili, kwa kawaida huangaliwa nani alimfunga mwenzake. Wakiwa watatu waliofungana kwa mzunguko, wilaya nyingi huhesabu tofauti ya pointi za mechi zao, ila kwa kikomo, ili mtu asimpige mwenzake 70 kwa ajili ya msimamo. Kwa hiyo ukiona kocha anaongoza kwa 10, zimebaki sekunde 40, naye anampeleka mpiga mateke, usimwite mkatili. Anasoma kanuni.

Na zikigoma zote, sarafu. Mwaka 1988 Permian ya Odessa, Midland Lee na Midland High zilimaliza zikiwa sawa, na wakati huo wilaya ilipeleka timu mbili tu. Lee aliifunga Permian 22-21, Permian akaifunga Midland High, Midland High akaifunga Lee. Makocha wakakutana usiku wa manane kwenye kituo cha malori kurusha sarafu, televisheni ikionyesha moja kwa moja. Midland High ndiye aliyebaki. Permian akaendelea hadi nusu fainali, akatolewa 14-9 na nani? Carter ya Dallas, hao hao wa aljebra. Hakuna hesabu yangu ingeweza kuutabiri msimu ule.

*

*Mwaka jana tulishika nafasi ya tatu wilayani, 6A, halafu kwenye mchujo tukapangwa kama washindi. Ni makosa ya uchapaji? — Msomaji, Garland*

Hapana. Katika 6A zile timu nne zinazopita hutenganishwa kwa idadi ya wanafunzi: shule mbili kubwa zaidi zinaingia Divisheni ya I, mbili ndogo Divisheni ya II. Wa tatu na wa nne wakiwa ndio wadogo, wa tatu anakuwa wa kwanza upande wake. Katika kutabiri, tafuta idadi ya wanafunzi ya shule zote za wilaya. Itakuonyesha nani atakutana na nani Novemba.

*

*Kucheza nyumbani kunaongeza pointi ngapi? — Kijana wa Hesabu, Plano*

Chache kuliko unavyodhani, na katika wilaya nyingi za mjini ni karibu na sifuri, kwa sababu shule kadhaa hutumia uwanja mmoja na "nyumbani" ni rangi ya jezi tu. Ushahidi ninaoupenda ni shule ya Allen, hapa hapa Texas. Walijenga uwanja wa watu 18,000 kwa dola milioni 60, ukafunguliwa 2012, ukafungwa 2014 kwa nyufa za zege. Msimu huo wakacheza bila uwanja wao, wakashinda mechi zote 16 na ubingwa wa jimbo. Mimi natoa pointi 2 kwa mwenyeji anayesubiri wageni waliosafiri saa tatu kwa basi, basi.

*

*Mwalimu nipe mkeka wa wiki hii. — Mzee wa Fursa*

Sina, kaka. Kubeti michezo Texas bado si halali, na hao ni watoto wa shule.

*

*Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni dereva wa lori, napita sana I-20 magharibi ya Abilene. Ijumaa moja nilisimama kwenye kijiji nikakuta mechi, kila upande watu sita, ubao unasoma 72-60. Ule ni mchezo gani, na unautabirije? — Dereva wa Lori*

Nzuri, kaka, pole na barabara. Hiyo ni futiboli ya watu sita, ya shule za 1A. Ilianzishwa Nebraska mwaka 1934 kwa ajili ya shule zisizofikisha watu 11. Uwanja una yadi 80 kwa 40, na ili kupata majaribio mapya ni lazima wasogeze mpira yadi 15 badala ya 10, mnyororo wake ni mrefu kuliko wangu. Teke la baada ya tachidauni lina pointi 2 na kukimbia lina 1, kinyume cha ule mchezo mwingine. Mama wa Fort Worth, huko kijana wako angekuwa mfalme.

Kuutabiri, anza kwa kuhesabu waliovaa sare. Timu yenye watoto 9 ikipoteza mmoja katika robo ya pili, haina wa kumpumzisha mtu tena, na wale wale sita watashambulia na kuzuia hadi mwisho. Tofauti ya pointi nayo inadanganya, maana timu ikiongoza kwa 45 wakati wa mapumziko au baada yake, mechi inaishia hapo. Mbabe wa kijiji na mbabe wa jimbo wote wanakuonyesha 45. Na huko wilaya hupeleka timu mbili tu: wilaya ikiwa na timu tano, kila moja mechi 4, tatu zinaweza kumaliza 3-1 na mmoja asiende popote.

Ukisimama tena, fika mwanzoni, saa moja au saa moja na nusu usiku. Ikiwa ni kigogo na kibonde, ukichelewa utakuta wanazima taa.